Mfuko wa hisani wa familia kupitia wakfu wa jamii: mwongozo kwa familia zetu zilizoko Marekani

Familia zetu zilizoko Marekani hutoa sana, ila hutoa kwa vipande. Leo ni mchango wa msiba kwenye kundi la WhatsApp, kesho ada ya mtoto wa mjomba, mwezi ujao mabati ya zahanati ya kijijini, na katikati yake kuna sadaka ya Ijumaa au fungu la kumi. Mwaka ukiisha hakuna anayejua jumla ilikuwa kiasi gani, mhasibu hana stakabadhi ya kushika, na watoto waliozaliwa huku hawana habari kwamba wazazi wao wametoa chochote.

Mfuko wa familia ndani ya wakfu wa jamii (community foundation), yaani shirika linalotunza pamoja fedha za hisani za watu wengi wa eneo moja, unaweza kuutia utaratibu utoaji huo, lakini sehemu yake tu. Sheria ya Marekani hairuhusu utumike kwa yote niliyoyataja, na asiyelijua hilo mapema hulijua wakati fedha zimeshaingia na hazitoki tena.

Wakfu wa jamii hufanyaje kazi

Wa kwanza duniani ni Cleveland Foundation, ulioanzishwa Ohio mwaka 1914 na Frederick Goff, mwanasheria aliyekuwa akiongoza benki. Goff alikuwa ameona fedha nyingi za wosia zikikaa bure kwa sababu waliozitoa walizifunga kwa malengo yaliyopitwa na wakati, nao wako kaburini, hakuna wa kubadilisha. Akabuni chombo kimoja cha mji mzima: fedha za watu wengi zitunzwe pamoja, na bodi ya wakazi iwe na mamlaka ya kuzielekeza upya pale lengo la awali linapokufa.

Mpango huo ulienea. Wanakoishi wasemaji wengi wa Kiswahili utaukuta: Columbus Foundation huko Ohio, Minneapolis Foundation huko Minnesota, Greater Houston Community Foundation huko Texas, Maine Community Foundation kwa walioko Portland na Lewiston. Kila mmoja ni shirika la hisani la umma lenye hadhi ya 501(c)(3), yaani linatambuliwa na sheria ya kodi kuwa la hisani. Ninyi hamwanzishi shirika. Mnafungua mfuko wenye jina lenu ndani ya shirika ambalo tayari lina bodi, wakaguzi wa hesabu na wasimamizi wa uwekezaji. Mkiweka fedha, ni mali ya wakfu kuanzia siku hiyo. Ninyi mnabaki washauri wa nani apewe.

Njia nyingine ni kuanzisha taasisi binafsi ya familia. Hiyo ina uhuru zaidi, lakini kila mwaka itajaza Fomu 990-PF ya mamlaka ya kodi (IRS), itapaswa kutoa karibu asilimia 5 ya mali yake, na italipa kodi ya asilimia 1.39 ya mapato ya uwekezaji wake. Kwa familia yenye dola 20,000 au hata 200,000, mimi naona ni kujitafutia kazi ya ofisi. Njia ya tatu ni vyombo vya hisani vilivyoanzishwa na kampuni kubwa za uwekezaji, kama Fidelity Charitable, ambacho hakidai kiwango cha chini cha kufungulia. Kama mnachotaka ni akaunti tu, na mnajua wenyewe pa kupeleka fedha, huko kuna unafuu. Wakfu wa jamii una faida moja ambayo vyombo hivyo havina: maofisa wake wanaujua mji wenu, wanajua shirika lipi linahudumia wakimbizi kwa dhati na lipi limebaki jina.

Hatua ya kwanza: tenganisheni fedha za ndugu na fedha za umma

Fanyeni hili kabla ya kupiga simu popote. Chukueni orodha ya yote mliyotoa mwaka jana, muigawe mara mbili. Upande mmoja: kila kilichokwenda kwa mtu mwenye jina, kama ada, matibabu, nauli, rambirambi. Upande wa pili: kila kilichokwenda kwa shirika, msikiti, kanisa, shule au hospitali kwa manufaa ya watu msiowachagua mmoja mmoja. Mfuko unahusu upande wa pili peke yake.

Sababu ni sheria ya mwaka 2006 iliyoweka kanuni za mifuko hii. Wakfu ukitoa fedha za mfuko wa ushauri, yaani ule ambao ninyi mnashauri nani apewe, kwa mtu binafsi, yeyote yule, unatozwa kodi ya adhabu ya asilimia 20 ya fedha hizo. Fedha zikimfikia mfadhili mwenyewe, mwenzi wake, wazazi, watoto, wajukuu au ndugu wa kuzaliwa naye, iwe kama ruzuku, mkopo au mshahara, kiasi chote huhesabiwa kuwa manufaa haramu: aliyepokea atarudisha, na juu yake atalipa adhabu ya asilimia 25. Na mshauri akipendekeza ruzuku inayomrudishia yeye au ndugu zake manufaa yasiyo madogo, kodi yake ni asilimia 125 ya manufaa hayo.

Binamu na mtoto wa shangazi hawamo katika orodha hiyo ya ndugu, na wapo wanaodhani hapo pana upenyo. Hapana. Binamu ni mtu binafsi, na mtu binafsi hapewi. Wala msijaribu kuipitisha ada yake kwenye shule kwa jina lake. Ni kitu kile kile kwa mlango wa nyuma.

Mengine yasiyoruhusiwa: mchango wa kampeni ya mgombea, tiketi ya chakula cha hisani mtakachokaa kula, karo ya mtoto wenu katika shule ya kanisa, bahati nasibu ya kuchangia shule. Kama mmetia saini ahadi ya kujenga kanisa au msikiti, mwulizeni ofisa wa wakfu kabla ya kuomba ruzuku, maana masharti yake ni finyu.

Kwa hiyo kundi la WhatsApp la msiba libaki. Kamati ya ukoo ibaki, na kutuma kwa simu kubaki. Familia inayofunga milango hiyo kwa kisingizio cha "sasa tuna mfuko" italaumiwa nyumbani, na lawama hiyo itakuwa ya haki.

Hatua ya pili: kikao cha familia

Kaeni, wakubwa kwa wadogo, mjibu maswali matatu. Mnataka kugusa nini? Jibuni kwa sentensi moja, si kwa aya. "Elimu" ni pana mno; "wasichana wa sekondari wa mkoa wa Kigoma" au "Kiingereza kwa wakimbizi waliofika Lewiston" inatosha kumwongoza mtu asiyewajua. Nani watakuwa washauri? Wawili au watatu wanatosha, na mmoja awe kijana anayejua kutumia tovuti ya wakfu bila kusukumwa. Na jina litakuwa gani? Jina la mfuko kwa kawaida huandikwa kwenye barua ya kila ruzuku na kwenye taarifa ya mwaka ya wakfu. Wanaopenda kutoa bila kutajwa waseme mapema. Ruzuku inaweza kutolewa bila jina.

Wengine hupenda kuuita mfuko kwa jina la babu au bibi aliyefariki. Ni vizuri, lakini pateni ridhaa ya upande wa nyumbani kwanza. Jina la mzee si la tawi moja la ukoo.

Hatua ya tatu: chagueni aina ya mfuko

Unaopendwa zaidi ni mfuko wa ushauri, ambao kwenye fomu utaukuta umeandikwa "donor-advised fund". Mnaweka fedha lini mpendapo, mnapendekeza ruzuku lini mpendapo. Mfuko wa walioteuliwa ni tofauti: mnataja shirika moja au kadhaa mwanzoni, na kila mwaka wakfu hupeleka huko bila kuwauliza. Mfuko wa lengo hutaja shughuli, tuseme afya ya mama na mtoto mjini kwenu, na wakfu ndio huchagua mashirika.

Mfuko wa ufadhili wa masomo nauweka peke yake kwa sababu ndio unaotamaniwa zaidi na jamii zetu, na ndio unaoeleweka vibaya zaidi. Mfuko wa ushauri haulipi mwanafunzi mnayemtaka ninyi. Ukiwa umeundwa rasmi kama mfuko wa masomo, unaweza, lakini waombaji watachaguliwa na kamati iliyoteuliwa na wakfu. Mnaweza kuwa wajumbe, mradi ninyi na jamaa zenu msiwe wengi wala msiishike kamati. Vigezo lazima viwe wazi na viandikwe, kundi la wanaostahili liwe pana kiasi cha kutosha, na watoto wenu hawaombi. "Wanafunzi wa kidato cha mwisho katika kaunti yetu ambao wazazi wao waliingia nchini kama wakimbizi" ni kigezo kinachowezekana. "Watoto wa wanachama wa chama chetu" mara nyingi kitakataliwa.

Kuna pia uamuzi wa mtaji wa kudumu au fedha za kutumika. Mtaji wa kudumu haugusiki. Kila mwaka hutolewa sehemu ndogo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5 ya wastani wa thamani yake. Fanyeni hesabu kabla ya kuvutiwa na neno "milele". Dola 25,000 kwa asilimia 4.5 ni dola 1,125 kwa mwaka. Dola 10,000 ni 450. Ushauri wangu kwa mfuko mdogo ni kuacha fedha zote zitumike, mkaufanya wa kudumu siku utakapokua.

Hatua ya nne: ulizeni maswali kwa wakfu

Kwanza thibitisheni kwamba upo kisheria. Tovuti ya IRS ina ukurasa wa Tax Exempt Organization Search. Andikeni jina, mtaona hadhi yake na Fomu 990 zake, ambazo ni za wazi kwa umma. Jedwali D la fomu hiyo huonyesha wakfu una mifuko mingapi ya ushauri na kiasi gani kilitolewa mwaka huo. Tazameni pia kama umeidhinishwa chini ya National Standards for U.S. Community Foundations.

Kisha ombeni kuzungumza na ofisa wa wafadhili. Mazungumzo hayo ni bure. Kiwango cha kufungulia hutofautiana sana. 5,000, 10,000 na 25,000 ni vya kawaida, na wengine hukubali kuanza kidogo na kujaza kwa miaka kadhaa. Msione haya kuuliza hilo la mwisho hata kama halipo kwenye tovuti.

Kwenye gharama kuna mtego mdogo. Wakfu nyingi hutoza karibu asilimia 1 kwa mwaka, na gharama za uwekezaji ziko pembeni. Asilimia 1 ya dola 10,000 ni dola 100, inavumilika. Lakini kama wakfu umeweka kwamba ada haiwezi kupungua dola 300 kwa mwaka, mfuko huo huo unalipa asilimia 3, na utazeeka bila kukua. Ulizeni kiasi cha dola, si asilimia peke yake.

Swali kubwa kwetu ni hili: je, mnatoa ruzuku nje ya nchi, na kwa njia gani? Wakfu mdogo wa mji unaweza kusema hapana moja kwa moja. Ni bora uisikie "hapana" hiyo kabla ya kuweka fedha. Ulizeni pia ruzuku ndogo kabisa ni ya kiasi gani, na mfuko usipotoa chochote kwa miaka kadhaa unafanywaje. Sheria ya serikali kuu haiulazimishi mfuko wa ushauri kutoa kila mwaka, lakini wakfu wengi wana kanuni yao ya mfuko uliolala, na mwishowe huweza kuziamulia fedha hizo wenyewe.

Kwa Waislamu kuna la riba. Fedha za wakfu huwekezwa katika kapu moja lenye hati fungani, na hati fungani zina riba. Ulizeni kama kuna chaguo jingine, au kama mfuko unaweza kushika hisa zinazofuata sharia. Majibu yakikwama, ipo American Muslim Community Foundation, inayofungua mifuko ya aina hii. Ama zaka, mwulizeni shehe wenu kabla ya kuiweka humo, kwa kuwa ina makundi yake manane ya watu yaliyotajwa na haifai kukaa ikisubiri.

Hatua ya tano: someni mkataba

Mkataba wa mfuko huwa mfupi, kurasa chache tu. Tafuteni mambo matatu. La kwanza ni kwamba mchango haurudi. Hata mkipatwa na dhiki, hauombwi tena. La pili, kwamba mnashauri tu, na bodi ndiyo yenye neno la mwisho. Kwa kawaida bodi hukubali, lakini hailazimiki. La tatu ni mamlaka ya bodi kubadilisha lengo likiwa haliwezekani tena au halihitajiki, yale yale ya Goff. Kama mkataba hauyasemi haya, hapo ndipo pa kutia shaka, kwa sababu nafuu ya kodi imejengwa juu yake.

Hatua ya sita: kuingiza fedha

Fedha taslimu zinakatwa kwenye mapato yanayotozwa kodi hadi asilimia 60 ya mapato ghafi yaliyorekebishwa (adjusted gross income), na hisa zilizoshikwa zaidi ya mwaka hadi asilimia 30. Kinachozidi hubebwa kwa miaka 5 inayofuata.

Msiuze hisa kwanza. Tuseme mlinunua kwa dola 2,000 na sasa ni 10,000. Mkiuza, faida ya 8,000 kwa kiwango cha asilimia 15 inakula dola 1,200. Mkizihamisha hisa zenyewe kwenda kwa wakfu, kodi hiyo haipo, na mnakata 10,000 yote.

Lakini nafuu ya kukata humpata yule anayeorodhesha makato yake moja moja (itemize) badala ya kuchukua kato la kawaida (standard deduction). Mwaka 2026 kato la kawaida kwa wanandoa ni dola 32,200. Familia yenye mapato ya 140,000, ikiwa na dola 24,000 za riba ya nyumba na kodi za jimbo, na inayotoa 6,000 kwa mwaka, inafika 30,000 tu. Haipati chochote kwa kuorodhesha. Ikiweka michango ya miaka mitatu kwa mkupuo, yaani 18,000, hesabu inageuka. Kuanzia 2026 nusu asilimia ya mapato, hapa dola 700, haihesabiwi, kwa hiyo inakata 17,300 pamoja na 24,000: jumla 41,300. Ruzuku zenyewe zinaendelea kutoka 6,000 kila mwaka kama zamani, ila sasa zinatoka kwenye mfuko.

Wasioorodhesha wamepewa kato dogo kuanzia 2026, dola 1,000 kwa mtu mmoja na 2,000 kwa wanandoa, lakini halihusu michango ya mfuko wa ushauri. Hiyo ielekezeni kwenye kanisa, msikiti au shirika moja kwa moja. Na wazee waliofikisha miaka 70 na nusu wenye akaunti ya kustaafu ya IRA wanaweza kutoa kutoka humo bila kutozwa kodi kwenda mfuko wa lengo au wa walioteuliwa, si wa ushauri.

Ndugu wa majimbo mengine wanaweza kuchangia mfuko huo huo na kila mmoja akapata stakabadhi yake. Walioko Uingereza wajue kwamba stakabadhi ya Marekani haitawapa nafuu ya Gift Aid.

Hundi ya Desemba huhesabiwa kwa siku iliyotumwa kwa posta. Hisa huhesabiwa siku zinapofika, na mwisho wa mwaka madalali hulemewa na kazi, hivyo zianzeni mapema. Barua ya kupokea mchango wa dola 250 au zaidi lazima iseme kwamba wakfu ndio wenye mamlaka kamili ya kisheria juu ya mali hiyo. Michango isiyo taslimu ikizidi dola 500, kuna Fomu 8283. Mhasibu mwenye leseni ya CPA ayatazame yote haya kwa hali yenu.

Hatua ya saba: ruzuku ya kwanza, na safari ya fedha hadi nyumbani

Ya kwanza iwe ya mjini mnakoishi. Mnaingia kwenye tovuti ya wakfu, mnaandika jina la shirika, kiasi na shughuli. Wakfu unalihakiki na kutuma. Kwa kufanya hivyo mnajifunza mfumo kwa fedha kidogo.

Kupeleka Afrika Mashariki kuna njia tatu. Nyepesi kuliko zote ni kulipa ruzuku shirika la Marekani lenye hadhi ya 501(c)(3) ambalo lenyewe linafanya kazi huko. Mnapendekeza, wakfu unatuma, basi. Ya pili ni shirika la kati: CAF America au GlobalGiving hulichunguza shirika la nyumbani, hupokea ruzuku yenu na kuifikisha kwa makato yao. Ya tatu ni wakfu wenyewe kutuma, na hapo sheria inadai moja kati ya mawili. Ama shirika la nyumbani lipimwe na kuonekana linalingana na shirika la hisani la umma la Marekani, kazi ambayo NGOsource huifanya kwa ada; ama wakfu ubebe dhamana ya matumizi: uchunguzi kabla, mkataba wa maandishi, taarifa za matumizi hadi senti ya mwisho.

Kwa vyovyote vile, mzigo mkubwa uko kwa wenzetu wa nyumbani. Watahitaji cheti cha usajili, kwa Tanzania chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 kama ni shirika la aina hiyo, kwa Kenya chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma iliyoanza kutumika Mei 2024. Watahitaji katiba, majina ya viongozi, hesabu za miaka iliyopita na akaunti ya benki yenye jina la shirika. Akaunti ya mwenyekiti haifai, hata awe mwaminifu kiasi gani. Kikundi ambacho hakijasajiliwa kitafute shirika lililosajiliwa la kukipokelea. Kwa Kenya inafaa kuzungumza na Kenya Community Development Foundation ya Nairobi, iliyoanzishwa 1997, kwani kulea mifuko ya jamii ndiyo kazi yake.

Waambieni mapema kwamba itachukua miezi. Shule inayosubiri madawati Januari isiahidiwe fedha za Desemba.

Hatua ya nane: mwaka hadi mwaka

Wekeni kikao kimoja cha mfuko kila mwaka. Watoto wapewe kiasi chao cha kupendekeza, tuseme dola 250 kila mmoja, kama wakfu unakubali ruzuku ndogo hivyo, na watetee chaguo lao mbele ya wazazi. Someni taarifa ya robo mwaka: kilichoingia, kilichotoka, kilichotozwa.

Fomu ya warithi wa ushauri mara nyingi huachwa wazi, na ni kosa. Ikibaki tupu, washauri wakifariki fedha huingia kwenye mfuko mkuu wa wakfu na familia haina tena la kusema. Andikeni majina, muulize wakfu unaruhusu vizazi vingapi, kwa kuwa wengine huishia kwa watoto. Na warithi wakiwa zaidi ya mmoja, jazeni pia sehemu inayoeleza kama kila mmoja anaweza kupendekeza peke yake au lazima wote watie saini.